Pumzi Ishirini

Kabla sijaandika neno lolote kuhusu kazi, naomba ninyi wauguzi vijana mlionisihi niandike mkubali mgawanyo huu. Kuna mambo niliyoyaona kwa macho yangu au kuyagusa kwa mikono yangu. Hayo nitayaandika bila kusitasita. Kuna mengine niliyoyasikia. Hayo, nikilazimika kuyataja, nitasema wazi kwamba niliyasikia. Kuyachanganya mafungu hayo mawili ndiko kulikoifanya sherehe ya kuniaga mwezi uliopita iwe ndefu kuliko ilivyostahili. Msemaji mmoja, aliyezaliwa miaka kadhaa baada ya mimi kuanza kazi, alieleza kwa ufasaha mkubwa jinsi mjomba wangu alivyoniingiza chuoni. Mwingine alisimulia jinsi nilivyomfufua mama mmoja kule Kariobangi, na jinsi mama huyo alivyoniletea mbuzi. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikula keki yangu nikanyamaza, kwa sababu anayeagwa hapewi nafasi ya kusahihisha.

Sasa ninayo nafasi. Vyeo na mishahara sitaviandika. Vimo kwenye faili, na anayevitaka akaisome. Nitaandika jinsi nilivyoingia chuo cha uuguzi, kosa nililolifanya humo, na jinsi kosa hilo lilivyokaribia kuninyima kazi ya kwanza.

Nianze na mjomba. Nilikuwa na wajomba wawili. Wa kwanza alifariki nikiwa darasa la tano. Wa pili alikuwa mkulima huko kwetu magharibi, na Nairobi nilimwona mara moja tu, alipokuja kwenye harusi ya dada yangu, wakati huo nikiwa tayari nimehitimu. Kama kuna mjomba wa tatu aliyezungumza na wakubwa kwa ajili yangu, ningefurahi kutambulishwa kwake.

Nilichokiona ni hiki. Nilipomaliza kidato cha nne tulikuwa tukiishi mtaa wa Mowlem, Nairobi, katika nyumba ya vyumba viwili. Baba alikuwa karani wa stoo katika shirika la reli. Mwaka huo nyanya yangu aliletwa kutoka nyumbani akiwa amevunjika nyonga, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa sina shughuli, nikaambiwa nimtunze. Alikuwa na kidonda mgongoni kwa sababu ya kulala chali muda wote. Kwa miezi minne nilimgeuza kila baada ya saa mbili, nikamwosha, nikambadilishia kitambaa. Vijana wa mtaani waliponiona nikianika mashuka yake walikuwa na la kusema.

"Niaje, sista!" alipiga kelele mmoja wao, fundi wa baiskeli. "Nipime presha basi!"

Miaka kadhaa baadaye nilimpima presha kweli, na ilikuwa juu sana, lakini hayo si ya leo.

Kwenye mahojiano ya kuingia chuoni tulikuwa wengi, na wanaume tulihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Meza ilikuwa na watu watatu. Aliyekaa katikati alikuwa Bi. Nduku, mkufunzi mkuu, mwanamke mfupi mwenye asili ya Machakos, aliyevaa sare iliyopigwa pasi hadi ikawa inasimama yenyewe. Wenzake waliniuliza mambo ya damu na mapafu, nikajibu kama nilivyosoma. Kisha yeye akauliza:

"Kwa nini mwanamume mzima anataka uuguzi?"

"Watu husema mimi ni mpole na nina huruma," nikajibu.

"Watu gani?"

"Majirani, Mwalimu. Na watu wa kanisani."

"Walikuona ukifanya nini?"

Nikamweleza habari za nyanya. Nikasema kidonda kilipoanza kilikuwa na ukubwa wa mdomo wa kikombe, na nilipomwacha asubuhi hiyo kilikuwa kama kifungo cha shati.

"Ulikipima?"

"Nilikuwa nikikilinganisha na kikombe, Mwalimu. Baadaye na kifungo."

"Kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu."

"Basi siku nyingine anza na hayo," akasema, akaandika kitu kwenye karatasi yake. "Majirani hawakuomba nafasi hapa."

Barua ya kukubaliwa ilifika baada ya wiki sita. Huyo ndiye mjomba wangu: kidonda cha nyanya.

Wiki ya kwanza Bi. Nduku alikagua vifaa vyetu. Mimi nilikuwa na saa ya mkononi ya baba, saa nzuri, yenye mishale miwili.

"Mshale wa sekunde uko wapi?"

"Haina, Mwalimu."

"Basi hilo ni pambo. Vaa Jumapili."

Nilitafuta saa iliyotumika yenye mshale wa sekunde, na kwa kuwa mkono wa muuguzi haufai kuvaa chochote, nilikwenda soko la Kariokor kwa fundi wa ngozi aliyekuwa akishona viatu vya matairi, nikamwomba anitengenezee kipande cha ngozi cha kubandika saa kifuani, kichwa chini, ili niisome nikiinama. Alinitazama kana kwamba nimeagiza hatamu ya paka. Akaishona hata hivyo. Saa nimebadilisha mara nne tangu siku hiyo. Ngozi ni ileile.

Kwa saa hiyo Bi. Nduku alitufundisha kazi ndogo kuliko zote, ambayo leo naiona kuwa ndiyo kubwa: kuhesabu pumzi. Alituonya kwamba mgonjwa akijua unatazama pumzi zake, huzibadilisha bila kukusudia. Kwa hiyo unashika kifundo cha mkono, unahesabu mapigo ya mshipa kwa dakika nzima, kisha huachii. Unaendelea kushika kana kwamba bado unahesabu mapigo, huku macho yako yakiangalia kifua kikipanda na kushuka, dakika nyingine nzima. Dakika mbili kwa kila mgonjwa. Wodi ina vitanda thelathini. Kila aliyefanya kazi hii anajua kinachofuata.

Kinachofuata ni namba ishirini. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara kumi na mbili hadi ishirini kwa dakika. Kwa hiyo muuguzi aliyechoka hupima joto, hushika mapigo kwa robo dakika na kuzidisha kwa nne, na kwenye safu ya pumzi huandika ishirini, ishirini, ishirini, mpaka chini ya karatasi. Si namba ya ajabu, haimshtui daktari, na haihitaji saa. Sikufundishwa kufanya hivyo na mwalimu yeyote. Niliona waliotangulia wakifanya, na katika mwaka wangu wa pili nikafanya.

Asubuhi moja nilijaza karatasi za upande mzima wa wodi. Bi. Nduku akaja, akazisoma moja baada ya nyingine, akasimama.

"Erasto. Kitanda cha tisa kinapumua mara ishirini."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Twende ukanionyeshe."

Tulikwenda. Kitanda cha tisa kilikuwa kimetandikwa, shuka limekunjwa pembe, mto umewekwa sawa. Mgonjwa wake alikuwa amepelekwa kwenye chumba cha upasuaji saa mbili kabla ya hapo.

"Hesabu," akasema Bi. Nduku.

Nilidhani anatania. Hakuwa na tabia hiyo. Nilisimama kando ya kitanda kitupu, nikaishika saa yangu ya kifuani, nikalitazama shuka kwa dakika nzima. Wagonjwa waliokuwa macho walinitazama mimi. Mzee wa kitanda cha kumi alimuuliza jirani yake kwa sauti ya kutosha, "Huyo daktari anaombea kitanda?"

"Umepata ngapi?" akauliza Bi. Nduku.

"Hakuna, Mwalimu."

"Andika."

Nikaandika sufuri juu ya ishirini yangu. Aliichukua ile karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni. "Hii itakaa kwangu," akasema. Tangu asubuhi hiyo sijaandika pumzi ambazo sikuzihesabu. Si kwa sababu ya wema. Ni kwa sababu bado naliona lile shuka.

Nilihitimu. Wakati huo nafasi za serikali zilikuwa zikichukua muda, nami ni mtoto wa kwanza, kwa hiyo nikaanza kutafuta kazi katika hospitali ndogo za watu binafsi za Eastlands, upande wetu wa mashariki mwa jiji. Kila mahali walidai vyeti pamoja na barua ya mkufunzi mkuu, ikiwa ndani ya bahasha iliyofungwa na kupigwa muhuri. Bi. Nduku alinipa bahasha tatu. Sikujua kilichomo.

Mahali pa kwanza mwajiri aliifungua, akasoma, akanitazama, akairudisha ndani ya bahasha polepole. "Tutakuita," akasema. Mahali pa pili muuguzi mkuu aliisoma huku akiuma mdomo, kisha akaniuliza kama nimewahi kufikiria kazi ya ualimu. Hapo nilijua kwamba tatizo halikuwa vyeti. Nilimwomba anionyeshe barua, naye, kwa huruma, akanipa nikaondoka nayo. Niliisoma nikiwa nimesimama nje ya lango. Iliandikwa hivi:

"Erasto amesoma hapa miaka mitatu. Katika mwaka wa pili alijaza pumzi za kitanda kisicho na mtu. Tangu siku hiyo nimemfuatilia, na sijamwona akirudia. Kuhusu nisiyoyaona siwezi kusema."

Basi. Hapakuwa na neno lingine ila sahihi.

Nilirudi Mowlem nikiwa na hasira. Jirani yetu mmoja, karani wa wakili fulani, alisoma barua ile akacheka hadi akakaa chini. Akasema yeye ana taipureta, na anamfahamu fundi wa mihuri, na kufikia Jumatatu ningekuwa na barua inayonieleza kama malaika. Baba alikuwa ameketi pale akisafisha viatu vyake vya kazini. Hakuinua kichwa.

"Barua hiyo ina uongo?" akaniuliza.

"Hapana, Baba. Lakini—"

"Nimeuliza kama ina uongo."

"Haina."

"Basi ibebe." Akachukua kiatu cha pili. "Stoo yangu ina vitu vya miaka ishirini. Kila kitu kina karatasi yake. Siku nitakayokubali karatasi moja ya kutunga, sitajua tena nina nini."

Jirani alisema wazee wa reli ni watu wagumu. Hilo nililisikia kwa masikio yangu, na naliafiki.

Bahasha ya tatu niliipeleka Kariobangi, kwenye kliniki ya uzazi yenye vitanda sita, juu ya safu ya maduka ya mafundi wadogo wa mtaani, wa jua kali. Mwenyewe alikuwa Bi. Rodha, mkunga mstaafu, mnene, mwepesi wa hasira na wa kicheko. Aliisoma barua mara mbili. Kisha akacheka hadi akavua miwani.

"Huyu Nduku bado yuko hai? Alinifukuza darasani mimi!" Akajipangusa macho. "Sikiliza, kijana. Nimesoma barua nyingi za watu ambao hawajawahi kukosea. Wote wamenisumbua. Nitakupa miezi mitatu ya majaribio. Lakini nafasi ni moja, nanyi mko wawili."

Wa pili alikuwa Philista, msichana wa rika langu aliyefika wiki moja kabla yangu. Alikuwa na mikono myepesi kuliko yangu na kina mama walimpenda. Mimi kina mama waliniita daktari, na waume zao walinitazama kwa mashaka. Kwa hiyo mtaani nilikuwa sista, kazini nikawa daktari, na hakuna aliyeniita muuguzi ila Bi. Rodha.

Ukutani palikuwa na orodha ya zamu. Wafanyakazi wa kudumu waliandikwa kwa wino. Sisi wawili tuliandikwa kwa penseli, na kando yake kifutio kilining'inia kwenye uzi. Bi. Rodha alisema ni kwa ajili ya kurekebisha makosa ya tahajia. Sikumbuki akikitumia kwa tahajia.

Siku ya mwisho ya miezi mitatu ilikuwa Ijumaa. Bi. Rodha alitutangazia asubuhi, sote tukiwapo, kwamba jioni hiyo ataandika jina moja kwa wino. Philista alikuwa zamu ya asubuhi. Mimi niliingia saa nane mchana. Na hapa sharti nieleze desturi ya ripoti kwa wasomaji wasio wauguzi. Zamu zinapobadilishana, anayetoka husoma daftari, kitanda kwa kitanda: huyu amekula, huyu amepata sindano, vipimo vya huyu ni hivi. Anayeingia hutia sahihi chini. Sahihi yako maana yake umewapokea wagonjwa hao jinsi walivyoelezwa. Ni desturi nzuri yenye tundu moja: unatia sahihi kwa kusikia.

Philista alisoma haraka. Asubuhi hiyo alikuwa amezalisha mara mbili, na aproni yake ilionyesha hivyo. Alipofika kitanda cha nne alisema, "Mama Mueni, alijifungua jana jioni, mtoto wa nne, mvulana, salama. Joto kawaida, mapigo themanini, pumzi ishirini. Anaenda nyumbani sasa hivi. Mumewe yuko nje."

Niliangalia karatasi za vitanda vyote. Pumzi ishirini. Ishirini. Ishirini. Ishirini.

"Tia sahihi basi," akasema Philista. "Gari inangoja."

"Nitampima kwanza."

"Nimempima mimi, Erasto."

"Nitampima tu."

Bi. Rodha alikuwa akipita na bakuli la vyombo. Alisimama. "Kuna nini? Kuna mama chini anangoja kitanda hicho, uchungu umeshamshika."

"Erasto hataki kupokea ripoti," akasema Philista.

Bi. Rodha alinigeukia. "Leo? Siku ya leo ndiyo umeona ripoti ya mwenzako haifai?"

Nilielewa alichokuwa anafikiri, kwa sababu mimi mwenyewe ningekifikiri. Jina moja, watu wawili, na huyu mmoja anamchongea mwenzake saa chache kabla ya wino. Kutia sahihi kungechukua sekunde mbili. Kwenye lango la nje alikuwa amesimama Mutiso, mume wa Mama Mueni, mchongaji wa vinyago, vumbi la mbao likiwa bado kwenye nywele zake, akiwa ameazima gari la rafiki yake, na rafiki mwenyewe kwenye usukani. Naye alikuwa ameshaanza kuita: "Daktari, tunaweza kwenda?"

"Dakika mbili, Bi. Rodha," nikasema. "Kama nimekosea, kifutio kipo pale."

Nilikwenda.

Mama Mueni alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa sweta, leso mbili zimefungwa kiunoni, mtoto amelazwa nyuma yake kwenye blanketi. Alitabasamu. Nilimshika kifundo cha mkono. Mkono ulikuwa baridi na wenye unyevu. Nilihesabu mapigo dakika nzima: mia moja na ishirini na nane. Sikuuachia mkono. Nilitazama sweta likipanda na kushuka, kwa haraka, juu juu, kama la mtu aliyetoka kupanda ngazi, ilhali alikuwa ameketi tangu chakula cha mchana. Thelathini na mbili.

"Unajisikiaje, mama?"

"Nimechoka tu, daktari. Na kiu. Naona giza kidogo nikisimama."

"Damu inatoka nyingi?"

Akaangalia dirishani. "Ile ya kawaida."

"Umebadilisha vitambaa mara ngapi tangu asubuhi?"

Hakutaka kujibu, maana mimi ni mwanamume, na Philista alikuwa na shughuli, na mtu hamsumbui nesi aliye na shughuli. Mwishowe akasema kwa sauti ya chini, "Nimeviweka hapo chini ya kitanda, kwenye mfuko. Nilitaka nikavifue nyumbani."

Niliinama nikauvuta mfuko. Ulikuwa mzito kuliko mfuko wa vitambaa unavyopaswa kuwa. Nilimlaza, nikaweka mkono juu ya tumbo. Baada ya kujifungua, mji wa mimba unapaswa kuwa mgumu chini ya kiganja, kama mpira. Wake ulikuwa laini, umelegea, umepanda juu ya kitovu, na chini yake kibofu kimejaa. Sikulihitaji daftari tena.

"Bi. Rodha!"

Nina hakika alikusudia kunifokea. Alifika akiwa ameshafungua mdomo. Kisha akaona mfuko. Akaweka kiganja chake pale kilipokuwa changu, na tangu hapo hakusema neno lisilohusu kazi. Alisugua tumbo mpaka mji wa mimba ukaanza kukaza. Mimi nilitoa mkojo kibofuni kwa mpira mwembamba. Philista alikuwa ameshafungua kabati. Alileta sindano ya kuukaza mji wa mimba, akaitia dripu kwenye mshipa mara ya kwanza bila kukosa, ingawa mishipa ya mtu aliyepoteza damu hujificha, na ingawa machozi yalikuwa yakimtiririka. Nimeshasema mikono yake ilikuwa myepesi kuliko yangu.

Mutiso alikuwa amesimama mlangoni.

"Mnamfanyia nini mke wangu? Si mlisema anaenda nyumbani?"

"Shika mtoto," Bi. Rodha akamwambia, bila kugeuka. "Shika mtoto, ukae kwenye ile benchi, na usisimame mpaka nikwambie."

Akakaa.

Daktari aliyeitwa kwa simu alifika baada ya muda, akampima, akasema damu imepungua kutoka lakini iliyokwisha kupotea ni nyingi. Lazima aongezewe, na sisi hatukuwa na uwezo huo. Akaamua apelekwe hospitali kubwa. Gari lililokuwa likingoja kumpeleka nyumbani ndilo lililompeleka huko, dripu ikiwa imefungwa kwenye kishikio juu ya dirisha kwa kipande cha bandeji.

Jioni hiyo Bi. Rodha hakuandika jina la mtu yeyote. Philista alinikuta nikiosha vyombo.

"Ulijuaje?"

"Sikujua. Nilihesabu."

"Na kama angekuwa na ishirini kweli?"

"Ningetia sahihi na ungenichukia bure." Kisha nikamweleza habari za kitanda cha tisa. Sikuwahi kumweleza mtu mwingine. Alianza kucheka katikati, akajizuia, akaona nami nacheka, basi akacheka. Kisha akaniuliza kile kipande cha ngozi nilikishonesha wapi.

Jumatatu jina langu lilikuwa kwenye orodha kwa wino. La Philista lilikuwa bado kwa penseli. Alikuwa ameongezewa miezi mitatu. Ilipokwisha, nililiona la kwake pia kwa wino, chini ya langu. Tulifanya kazi pamoja miaka miwili, na sijawahi kupokea ripoti safi zaidi ya zake. Hilo naliweka hapa kwa makusudi, kwa kuwa katika hadithi ya sherehe yangu yeye alikuwa mtu mbaya. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa muuguzi mmoja mwenye vitanda sita na uzazi mara mbili, naye aliandika namba ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeiandikia shuka.

Ninyi mna mashine. Mnabana kidole cha mgonjwa, na mapigo yanajiandika kwa rangi ya kijani. Katika wodi yangu ya mwisho mashine hiyo haikuhesabu pumzi, na katika wiki yangu ya mwisho kazini nilizisoma karatasi kumi na nne. Kumi na moja zilikuwa na ishirini. Sikumwambia mtu yeyote jambo. Nilimwita aliyezijaza, tukaenda pamoja kitanda cha kwanza, nikampa saa yangu.

Mnaniuliza kama Mama Mueni alipona. Niliambiwa na fundi mmoja wa jua kali kwamba alirudi nyumbani baada ya siku tano. Niliambiwa na mwingine kwamba familia ilihamia Ukambani na kwamba mtoto yule anaitwa Erasto. Kuhusu mbuzi, sikuletewa mbuzi, na ningekumbuka. Bi. Rodha aliniambia alimkabidhi kwa wauguzi wa huko akiwa hai, lakini Mutiso simkumbuki akirudi kliniki, na hospitali kubwa haikuwa ikituletea habari. Ningependa ningekuwa nimemwona akitembea. Sikumwona. Kwa hiyo naishia pale ambapo macho yangu yaliishia.

Tulimbeba hadi garini, tukamlaza kwenye kiti cha nyuma, kichwa chake kikiwa kwenye mapaja ya Bi. Rodha, aliyekwenda naye. Mutiso alikaa mbele na mtoto. Kabla mlango haujafungwa niliomba dakika mbili, na safari hii hakuna aliyeninung'unikia. Dereva alizima injini. Nilimshika kifundo cha mkono. Kilikuwa kimeanza kupata joto. Mapigo mia moja na nne. Sikuuachia mkono. Nikatazama kifua chake.

Ishirini.

Sikuiamini namba ile. Nikahesabu tena, dakika nyingine nzima, Bi. Rodha akinitazama. Ishirini. Nikaiandika kwenye karatasi ya rufaa, nikaandika na saa ya kupima, nikatia sahihi yangu, na dereva akafunga mlango.